Siku ya nne ya mawingu: kwa binti wa Newala anayetaka kwenda kujitolea msituni

"Shikamoo kaka. Nina miaka 24, nipo Newala, natengeneza batiki na kuchora kidogo. Nimepata nafasi ya kwenda kujitolea miezi mitatu kwenye kambi ya wasanii iliyo ndani ya msitu Usambara Mashariki, kule juu ya Muheza. Hawana umeme wa TANESCO, wanatumia sola, maji ya kijito, choo cha mbolea, wanapika pamoja. Kazi ni masaa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, muda unaobaki unafanya sanaa yako, na unachangia elfu 10 kwa siku ya chakula na kulala. Wanataka nianze mwezi wa tatu. Mama anasema nimerogwa, yaani nilipe ili nifanye kazi! Mimi naona kule maji mengi, umeme wa bure, na malaria nimeshaizoea huku kwetu. Nina pumu ila sio kali, inakuja na kuondoka. Niende nisiende?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie mama hujarogwa, na wewe ujue mama hajakosea kuuliza. Mimi nipo Lindi, nimekuwa nikifunga sola na kusimamia kambi za watu wa kujitolea porini kwa miaka mingi sasa, huku Rondo na kule Usambara pia, nimepokea vijana wengi wakaja wanacheka na nimesindikiza wengine wakaondoka kabla ya wiki kuisha wamenuna. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona, na pale panapohitaji daktari au afisa kazi nitakuambia uende kwao maana mimi sio hao.

Umeuliza uende au usiende, ila nikisoma vizuri naona una hofu mbili umezifunga kwenye furushi moja: kwamba unatumiwa, na kwamba mwili wako hautaweza. Zote mbili jibu lake mi huwa nalitafuta sehemu moja, siku ya nne ya mawingu. Siku ya kwanza kambi yoyote ya msituni ni nzuri bana, ndege wanaimba, kuna gitaa, kuna mtu anakanda chapati. Siku ya nne mvua haijakata, betri imeisha, kuni zimelowa, kitambaa chako hakijakauka tangu jumatatu, na hapo ndo unajua umekuja kwa watu wa namna gani.

Tuanze na huo umeme wa bure maana ndo unaodanganya wengi. Jua ni bure kweli, ila betri sio bure na ndo inayokulisha usiku. Nikupe mfano wa kambi ya kawaida ya watu kama kumi na tano. Wana paneli mbili za wati 200, jua likiwa zuri masaa matano unategemea uniti moja na nusu hivi (wati-saa 1,500) kwa siku baada ya upotevu wa njiani. Betri mbili za maji za 12V 100Ah, kwa karatasi zinabeba wati-saa 2,400 ila betri ya maji ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua, sahani za ndani zinagandwa na chumvi ngumu ya risasi na ukiichelewesha kuchaji hiyo chumvi haitoki tena. Kwa hiyo una 1,200 za kutumia. Taa kumi za wati 5 kwa masaa matano ni 250, simu kumi na tano ni kama 300, laptopu tatu 150, jumla 700 kwa siku. Sasa msituni wingu likikaa, paneli inatoa robo ya kawaida au chini ya hapo, tuseme 300. Kila siku mnakula 400 kutoka kwenye akiba. Siku tatu 1,200 imekwisha. Siku ya nne giza.

Na hapo sijaweka kivuli cha mti. Watu wanajenga kambi chini ya miti kwa sababu ni pazuri, afu wanashangaa paneli haifanyi kazi. Seli za paneli zimeungwa kwa mstari mmoja, kivuli kikiangukia kona tu ni sawa na kukanyaga bomba la maji mahali pamoja, huko mbele kote maji yanapungua.

Sasa wewe unatengeneza batiki, nta unaitoa kwa pasi si ndiyo? Pasi ya umeme ni wati 1,000. Robo saa tu umetumia 250, yaani umekula taa zote za kambi za usiku mmoja. Nilikuwa na kambi moja huku uwanda wa Rondo, mwezi wa kwanza, mvua siku ya tatu mfululizo, dada mmoja fundi mzuri kabisa akachomeka pasi saa kumi jioni anyooshe kitambaa chake cha maonyesho, inveta, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ikalia tiii ikazima. Hakuwa na kosa, hakuna aliyemwambia, na aliyepaswa kumwambia ni mimi. Usiku ule tulikula ugali na tochi ya simu moja iliyobaki na asilimia 20, na wiki nzima watu walimuita Mama Pasi mpaka akalia. Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza sio "mna umeme?" waulize "mawingu yakikaa siku nne nani anazimiwa kwanza, na sheria imeandikwa wapi?" Kambi iliyokaa vizuri ina ubao ukutani, voti za betri zinaandikwa asubuhi na jioni, ikishuka kiasi fulani laptopu zinafungwa kwa wote, wenyeji na wageni. Kambi mbovu inawazimia mavolontia wakati nyumba ya mwenye kambi inawaka.

Maji. Nyie wa Newala mnajua maji kuliko mtu yeyote, mmekulia juu ya uwanda ambao mtoto anajua bei ya dumu kabla hajajua kuhesabu mia, na tenki la mvua nyumbani linafungwa kwa kufuli. Ndo maana ukisikia kijito unaona neema. Kule Amani, hukohuko Usambara Mashariki, mvua kwa mwaka inakaribia milimita 2,000, kama mara mbili ya huku kwetu, maji yapo kweli, ila maji mengi na maji salama ni vitu viwili. Mvua ikinyesha inaosha kila kilicho juu ya mlima ikileta kijitoni, vinyesi vya watu na ng'ombe, majani, udongo. Yakiwa meupe pee bado yana wadudu. Yachemshwe mpaka yatokote yaendelee kutokota dakika moja, au yachujwe kwenye chujio la kauri linalosafishwa, basi. Kuna jambo lingine kuchemsha hakusaidii, Usambara Mashariki mito mingine imewahi kuvamiwa na wachimba dhahabu, na zebaki ya kushikia dhahabu haiondoki kwa moto. Uliza chanzo cha maji kipo wapi na nani yupo juu yake.

Na wewe mwenyewe uko juu ya mtu. Maji yako ya kostiki soda na rangi usimwage kijitoni hata siku moja, kule kuna vyura ambao dunia nzima wapo kwenye milima hiyo tu, na chura ngozi yake ndo pua yake, anavuta kila kilicho majini. Chini zaidi kuna mwanamke anachota na ndoo. Kama kambi haina shimo la maji machafu mbali na mto, batiki ya kostiki huwezi kufanya pale, chora tu, au tumia rangi za mimea. Hili waulize kabla hujafunga begi maana nimeona msanii kafika na kilo tatu za rangi akaambiwa hapana.

Kukauka pia. Huku ukianika asubuhi saa sita umemaliza. Kule kwenye unyevu kitambaa kinaweza kulala siku tatu kamba­ni kikaanza kunuka uvundo na kuota madoa meusi ya fangasi, na yale madoa hayatoki. Hewa ikishashiba maji haina nafasi ya kupokea maji ya kitambaa chako, ni hivo tu. Wenye akili wanajenga kichanja juu ya jiko, moshi na joto vinapita. Ila kwako moshi ni tatizo, na hapa nataka unisikilize kuliko sehemu nyingine yote.

Umesema pumu yako sio kali, inakuja na kuondoka. Mdogo wangu, pumu huwa inaonekana kuondoka, haiondoki. Ndani njia za hewa zinabaki zimevimba kidogo hata siku unayojisikia mzima, zinasubiri kichokozi. Sasa hesabu vichokozi vya kambi ya msituni: fangasi kwenye godoro na kuta za mbao, moshi wa kuni mbichi, baridi ya alfajiri, vumbi la maranda la choo cha mbolea, na wewe unaongeza nta ya moto inayofuka usoni. Ile inhela ya bluu inafungua njia kwa masaa machache, uvimbe haiutibu. Kama unaitumia zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kukohoa, pumu yako haijadhibitiwa na safari isubiri. Nenda hospitali hapo Newala ukamuone daktari ana kwa ana, mwambie neno kwa neno "nitakaa miezi kwenye unyevu na moshi masaa kadhaa kutoka hospitali," atakupima na anaweza kukupa ile ya kupuliza kila siku ya kutuliza uvimbe, ambayo inataka muda kabla haijashika, kwa hiyo usiende wiki ya safari. Na ukiwa kule, ikifika umepuliza ile ya bluu hujafunguka, huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, usisubiri asubuhi. Unashuka Muheza usiku huohuo, ukiendelea kupuliza njiani. Kambi ambayo haiwezi kukuambia gari au bodaboda ya usiku ni ya nani na namba yake ipi, hiyo sio ya mtu mwenye pumu.

Malaria nayo "umeizoea." Kuna ukweli kidogo hapo. Mtu aliyekulia kwenye malaria kama sisi wa Lindi na Mtwara mwili unajifunza kuvumilia vimelea, ndo maana mtu mzima anaumwa kichwa anaendelea kulima wakati mtoto analazwa. Ila huo uvumilivu haukuzuii kuambukizwa, na ukikaa mbali na mbu unapungua. Kule juu kama mita 900 kuna ubaridi, mbu ni wachache kuliko Muheza chini, na hapo ndo watu wanajisahau, wanashuka mnadani wanalala gesti bila neti, wanapanda na homa. Lala kwenye neti yenye dawa, homa ikija upime ndani ya siku moja, usinunue mseto kwa kubahatisha. Ukikaa muda mrefu afu ukarudi Newala masika, usijione wa zamani, homa ya kwanza nenda ukapime.

Nyoka, kwa ufupi kwa sababu kila mtu anauliza: buti ndefu, tochi usiku, usiingize mkono kwenye lundo la kuni bila kuangalia. Ukigongwa hakuna kufunga kamba, hakuna kuchanja, jiwe la nyoka liache, unatulia, mguu unafungwa usichezecheze kama uliovunjika, unapelekwa hospitali. Siafu wao watakutembelea tu, ondoka nyumbani masaa mawili watakusafishia mende.

Choo cha mbolea usikiogope. Kila ukimaliza unamwaga maranda au majivu, kile kikavu kinakata harufu na kinaipa hewa njia, wadudu wazuri wanaozesha taratibu. Kikinuka ujue maranda yameloa au kuna mtu mvivu. Ukifika kambi yoyote nenda chooni kwanza kabla ya kusikiliza hotuba ya mwenye kambi, utajua kila kitu. Ila hiyo mbolea isiende kwenye mchicha kabla haijakaa karibu mwaka.

Sasa la mama. Elfu 10 kwa siku ni laki tatu kwa mwezi, laki tisa kwa miezi mitatu, bado nauli ya Newala mpaka Dar mpaka Muheza kwenda na kurudi. Na unatoa masaa 25 kwa wiki. Mi sisemi ni wizi. Kulisha mtu mahali ambapo mchele unapandishwa kwa bodaboda ni ghali, na betri nazo zinakufa kila baada ya miaka michache lazima mtu azinunue. Lakini kwa binti wa Newala laki tisa ni magunia ya korosho, kwa mtu aliyetoka Ulaya ni hela ya viatu, na mchango ulio sawa kwa wote hapo hauko sawa. Kambi kadhaa nazijua zina bei ya wenyeji ukiuliza, au zinakupunguzia ukifundisha, na wewe una ufundi. Sema "nitafundisha batiki siku mbili kwa wiki badala ya mchango." Wakikataa hata kujadili umeshajifunza kitu.

Angalia pia ni kazi gani. Kuchota maji, kupika zamu, kupanda miti, kutengeneza njia, vitu ambavyo hata mwenye kambi anashika jembe, huko ndiko kujitolea. Ila kama utakuwa unatandika vitanda vya wageni wanaolipa kwa dola na kuwapelekea chai, hiyo ni ajira ya hotelini iliyovalishwa kanga ya sanaa. Sheria yetu, ile ya Taasisi za Kazi ya 2004, inaangalia namna unavyofanya kazi, nani anakupangia muda na anakusimamia, sio jina ulilopewa. Kwa hiyo omba karatasi: kazi gani, masaa mangapi, siku ya kuondoka ukitaka kuondoka mapema unarudishiwa nini, na michoro utakayofanya ni ya nani. Hili la mwisho wengi wanasahau, anarudi nyumbani anakuta kitambaa chake kimekuwa mfuko wa kuuza. Iandikwe kazi ni zako na picha zake hazitumiki kibiashara bila wewe. Karatasi ikikutatiza mpelekee afisa kazi pale Mtwara mjini aisome, wapo kwa ajili hiyo. Na kitambulisho chako cha NIDA asikishike mtu, nakala wachukue, chenyewe kikae kwako.

Kabla ya yote piga simu mbili. Moja kwa Mtanzania aliyewahi kujitolea pale, ikiwezekana mwanamke, sio yule ambaye wamekupangia wao. Muulize analala wapi, mlango unafungwa kwa ndani, kulitokea nini mtu alipolalamika. Nyingine kwa mtendaji wa kijiji, anaijua kambi hiyo? Ipo kwenye ardhi ya kijiji, ya mtu, au ipo ndani ya hifadhi? Kama ni hifadhi ya msitu ya serikali kuu lazima wawe na kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, na kambi isiyo na kibali siku ikivunjwa wewe ndo utakuwa barabarani na begi. Akijibu "hao hatuwajui" usiende hata kama wanapika vizuri. Simu nayo, beba kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, mkubaliane na mama siku na saa, mfano jumapili saa tisa unapanda kilimani kwenye mtandao, na zikipita jumapili mbili kimya ampigie mtendaji.

Mwezi wa tatu usiende. Huko masika inaanza mwezi wa tatu mpaka wa tano, ndo barabara inateleza, ndo mawingu ya siku nne yanakuwa siku tisa, kwa mtu mwenye pumu na batiki huo ni mwezi mbaya kuliko yote. Katikati ya mwezi wa sita kuna baridi ila pamekauka kidogo. Najua nyumbani mtakuwa kwenye kupuliza salfa mikorosho na mama atahitaji mkono, na kuanzia wa tisa ni korosho mpaka minada iishe, huwezi kuondoka. Mwezi wa kwanza na wa pili kule pana nafuu na korosho inakuwa imeshalipwa, japo palizi ya huku ndo inakungoja. Hapo kaeni na mama mpige hesabu mimi siwezi kuwaamulia.

Ningekuwa wewe ningewaandikia leo kwamba nakuja wiki mbili tu kuonja, mwezi wa sita, daktari akishaniruhusu. Wiki mbili zinatosha kuiona siku ya nne ya mawingu, au angalau kuuliza waliokuwepo ilipita vipi. Ukipapenda unaongeza, usipopapenda umepoteza laki na elfu arobaini sio laki tisa. Na pasi beba ya mkaa ya kwenu.